Kostiki Inatoka Dukani

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

NDUGU msikilizaji, pale Usagara barabara itokayo Mwanza mjini hugawanyika. Moja huendelea Shinyanga, nyingine hukata kulia kuelekea Kigongo, Sengerema na Geita. Karibu na njia panda hiyo yuko mama mmoja anayeuza sabuni za mche alizozipika mwenyewe nyuma ya nyumba yake. Mafuta yake ni mawese, wakati mwingine mafuta ya mbegu za pamba, na kinachoyageuza mafuta hayo kuwa sabuni ni kostiki soda, zile chembe nyeupe ambazo ukizishika kwa mkono wenye jasho zinakula ngozi. Siku moja nikisubiri gari nilisalimiana naye, nikanunua mche mmoja, kisha nikamwuliza: Hii kostiki, mama, inatoka wapi?

Akanitazama kwa huruma kidogo. "Dukani, baba."

Jibu hilo ni sahihi kabisa, na nina hakika hata mimi ningeulizwa habari ya chumvi au kiberiti ningejibu hivyo hivyo. Lakini gari lilipokuja nikapanda, jibu lile likapanda pamoja nami. Maana kostiki ina historia ndefu kuliko duka, na historia hiyo, kwa njia ambayo sikuitazamia, inafika mpaka kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na kwenye samaki wa ziwa letu. Leo naomba tuifuate.

Kabla ya duka palikuwa na majivu. Bibi zetu walichoma maganda ya ndizi, mabua na kuni za aina fulani, wakayatia majivu maji, wakachuja. Maji yale makali yalilainisha mboga na kung'arisha nguo. Pia palikuwa na maziwa ya chumvi na magadi yaliyo katika Bonde la Ufa. Wasukuma walikuwa wakienda kwa misafara mpaka Ziwa Eyasi kuchota chumvi, safari ya siku nyingi, yenye simba na yenye miiko yake. Magadi hayo ni soda laini. Ukiyachemsha pamoja na chokaa iliyochomwa yanageuka kuwa soda kali, yaani kostiki. Kwa muda mrefu duniani kote kostiki ilipatikana kwa njia hiyo: magadi na chokaa, basi.

Shida ya wenzetu wa Ulaya ilikuwa kwamba hawana Eyasi. Magadi yao waliyapata kwa kuchoma mwani na mimea ya pwani ya Hispania. Karne ya 18 ilipofika, viwanda vya nguo, vioo na sabuni vilikuwa vinataka magadi mengi kuliko mwani uliopo, na vita vilikuwa vinafunga bandari. Hapo Chuo cha Sayansi cha Ufaransa kikatangaza zawadi kwa mtu atakayeweza kutengeneza magadi kutokana na chumvi ya kawaida ya bahari.

Aliyefanikiwa ni daktari mmoja, Nicolas Leblanc, tabibu wa Mtawala wa Orléans. Mwaka 1791 alipata hati ya ugunduzi wake, na kwa fedha za bwana wake akajenga kiwanda huko Saint-Denis karibu na Paris. Mwaka 1793 bwana wake akakatwa kichwa katika Mapinduzi, kiwanda kikataifishwa, na siri ya ugunduzi ikatangazwa kwa watu wote kwa manufaa ya taifa. Zawadi hakuipata. Napoleon alikuja kumrudishia kiwanda, lakini kitupu, bila mtaji wa kukiendesha. Mwaka 1806 Leblanc alijiua. Wengine wakatajirika kwa njia yake.

Njia yenyewe ilikuwa chafu kupita kiasi. Chumvi ilimwagiwa asidi ya salfuriki, ikatoa gesi kali ya asidi, ile ambayo siku hizi tunaiita asidi ya haidrokloriki. Kilichobaki kilichanganywa na makaa ya mawe na chokaa, kikachomwa, ndipo magadi yakapatikana, pamoja na rundo la uchafu mweusi unaonuka mayai yaliyooza. Hukadiriwa kwamba kwa kila tani 8 za magadi, kiwanda kilitoa tani 5 na nusu za gesi na tani 7 za uchafu ule. Gesi ilipelekwa hewani, uchafu ulitupwa mashambani.

Huko Uingereza, katika miji ya Widnes na St Helens na vitongoji vya Liverpool, miti ilikauka, nguo zilizoanikwa ziliozea kwenye kamba, na vyuma vya milango vililiwa na kutu. Wenye mashamba wakaenda mahakamani. Wenye viwanda wakajibu kwa kujenga mabomba marefu zaidi ya moshi, na matokeo yake ni kwamba gesi ilianza kuua miti ya watu wa mbali ambao zamani walikuwa salama. Nakuomba, msikilizaji, ulikumbuke bomba hilo refu.

Mwaka 1836 mwenye kiwanda mmoja, William Gossage, aligundua dawa rahisi kabisa. Alichukua mnara wa mawe, akaujaza matawi makavu, akatiririsha maji kutoka juu huku gesi ikipanda kutoka chini. Maji yakaimeza gesi. Ungefikiri kila mwenye kiwanda angekimbilia mnara wa Gossage. Wachache walifanya hivyo, tena asidi waliyoikamata waliimwaga mtoni. Wengi waliendelea kama zamani, kwa kuwa gesi iliyokwenda hewani haikuwagharimu kitu. Ilichukua miaka 27 mpaka Bunge la Uingereza likapitisha Sheria ya Magadi ya mwaka 1863, iliyoamuru kila kiwanda kikamate asilimia 95 ya gesi hiyo, na mkaguzi akateuliwa, Robert Angus Smith, mtu ambaye baadaye ndiye aliyeanza kutumia maneno "mvua ya asidi".

Sasa tazama jambo la ajabu. Baada ya kulazimishwa kuikamata ile asidi, wenye viwanda waligundua kwamba ina thamani. Wakaitoa klorini ndani yake, wakatengeneza unga wa kung'arishia nguo na karatasi. Kitu walichokitupa kwa miaka 40 wakisema hawana namna, kikawa ndicho kinachowalipa. Hata magadi yao yaliposhindwa bei sokoni, unga huo ndio uliowashikilia kwa miaka mingi mingine.

Aliyewashinda bei ni Mbelgiji, Ernest Solvay, aliyeanza na hati yake ya mwaka 1861. Yeye alitumia maji ya chumvi, chokaa na amonia, na siri ya faida yake ilikuwa kuirudisha amonia ileile tena na tena badala ya kuipoteza. Moto mdogo, uchafu mdogo, bei ndogo. Si kwamba haikuwa na taka. Mito ya Ulaya ilipokea maji yake yenye chumvi kali. Lakini ukiilinganisha na ya Leblanc ilikuwa usiku na mchana, na kufikia miaka ya 1920 viwanda vya Leblanc vilikuwa vimekwisha.

Hapa historia inagusa Afrika Mashariki kwa mara ya kwanza. Kampuni ya Magadi Soda ilianzishwa mwaka 1911 ili kuchota magadi ya Ziwa Magadi huko Kenya, katika nchi ya Wamaasai, na reli ikajengwa kutoka Konza kuyafuata. Mwaka 1924 kampuni hiyo iliingia mikononi mwa Brunner Mond, watengenezaji wakubwa wa magadi ya Solvay Uingereza. Naona walijua walichokuwa wakifanya. Mtu anayetengeneza magadi kwa gharama hapendi kusikia kwamba mahali fulani magadi yanajiotea yenyewe juani, na mwenye kuyachota ni mtu mwingine. Sisi Tanzania tunalo Ziwa Natron. Mwaka 2006 hadi 2008 ulikuwapo mpango wa kujenga kiwanda pale, baina ya Shirika la Maendeleo la Taifa, NDC, na Tata Chemicals ya India, ambayo ndiyo iliyoinunua Brunner Mond. Mpango ulizua zogo kwa sababu ya heroe, maana sehemu kubwa ya heroe wadogo wote duniani huanguliwa Natron, na Tata wakajitoa mwaka 2008. Tangu hapo macho yamegeukia Engaruka, wilayani Monduli, ambako magadi mengi yamegunduliwa.

Lakini turudi kwenye kostiki yetu, maana mwishoni mwa karne ya 19 ilipata njia nyingine, nayo ndiyo iliyotuletea balaa.

Mwaka 1892 watu wawili, Hamilton Castner, Mmarekani aliyekuwa Uingereza, na Karl Kellner wa Austria, kila mmoja peke yake, waligundua namna ya kutengeneza kostiki kwa umeme na zebaki. Nitaieleza kwa mfano wa Kigongo. Kabla ya daraja, abiria wa Geita walifika ukingoni, wakapanda kivuko, wakashushwa Busisi, kivuko kikarudi kitupu kuchukua wengine. Katika kiwanda cha Castner na Kellner, ukingo wa kwanza ni bwawa la maji ya chumvi. Umeme ukipitishwa, chumvi hugawanyika: klorini hupanda juu kama mapovu, na sodiamu hubaki chini. Kivuko ni zebaki, ambayo ni chuma kinachotiririka kama maji. Zebaki hutambaa chini ya bwawa, hupakia sodiamu, huipeleka kwenye chombo kingine chenye maji safi, na huko sodiamu hushuka na kuwa kostiki. Zebaki hurudi tupu kuchukua mzigo mwingine. Kostiki hiyo ni safi mno, na klorini inauzwa pia. Kwa kitabu, zebaki haipungui.

Kwa kweli ilipungua. Kiwanda kimoja kikubwa kiliweza kuwa na mamia ya tani za zebaki, na kila siku kidogo kilipotea, kingine kwa mvuke, kingine katika maji ya kuoshea sakafu, kingine hakikujulikana kimepita wapi. Kila mwaka viwanda vilinunua nyingine ya kujazia. Hakuna aliyeshtuka, maana ilikuwa gharama ndogo tu katika hesabu za mwisho wa mwaka.

Aliyewashtua walimwengu ni wavuvi wa Minamata, mji mdogo wa pwani kusini mwa Japani. Kiwanda cha pale, cha kampuni ya Chisso, hakikuua watu kwa kostiki. Kilitengeneza asetaldehaidi, kemikali ambayo ndani yake hutoka siki ya viwandani na plastiki. Tangu mwaka 1932 kiliitengeneza kwa gesi ya asetilini na kichocheo cha chumvi ya zebaki. Maji machafu yalikwenda baharini. Zebaki ikaingia katika samaki kwa sura yake iliyo mbaya kuliko zote, na samaki wakaingia katika paka na watu. Paka wakaanza kuruka na kuzunguka kama walevi, wakatumbukia baharini. Kisha watoto wa wavuvi wakashindwa kutembea na kuzungumza. Tarehe 1 Mei 1956 ugonjwa ule ulitolewa taarifa rasmi.

Daktari wa hospitali ya kiwanda, Hosokawa Hajime, alikuwa mtu wa kiwanda lakini pia daktari. Mwaka 1959 alichukua maji ya kiwanda, akayachanganya katika chakula cha paka. Paka aliyepewa nambari 400 akapata ugonjwa uleule. Kampuni ikamzuia kuendelea na ikayanyamazia matokeo. Desemba ya mwaka huohuo kampuni ilizindua mtambo wa kusafishia maji, na mkuu wake akanywa glasi ya maji mbele ya watu ili kuonyesha ni salama. Maji yale hayakutoka kwenye mtambo wa asetaldehaidi, na mtambo wa kusafishia haukuundwa kuondoa zebaki ya aina ile. Mwezi huohuo wagonjwa walipewa pesa ya pole, wakatia sahihi karatasi kwamba hata ikija kuthibitika siku za mbele kwamba kiwanda ndicho chanzo, hawatadai zaidi.

Miaka tisa mingine maji yaliendelea kumwagwa. Serikali ya Japani ilikiri Septemba 1968 kwamba kiwanda ndicho chanzo. Miezi minne kabla, Mei 1968, Chisso ilikuwa imeacha kutengeneza asetaldehaidi kwa zebaki. Kwa nini iliacha? Natamani ningeweza kukuambia ni kwa sababu ya wale watoto. La hasha. Huko Ujerumani, wataalamu wa kampuni ya Wacker walikuwa wamegundua, mwishoni mwa miaka ya 1950, namna ya kuitengeneza kemikali ileile kwa gesi ya ethilini itokanayo na mafuta ya petroli, kwa kutumia vichocheo vya paladiamu na shaba, bila zebaki hata tone. Petroli ilikuwa rahisi. Mitambo ya Minamata ikawa ya kizamani, ikafungwa kama mtu anavyoacha baiskeli iliyochakaa. Waliotambuliwa rasmi kuwa wagonjwa walizidi 2,000, na wengine wengi walikaa mahakamani mpaka uzee.

Lakini fedheha ya Minamata ilifanya kazi moja. Mwaka 1973, hofu ilipozuka kwamba ghuba nyingine zimeingia sumu, Serikali ya Japani iliamuru viwanda vyote vya kostiki viachane na zebaki. Wenye viwanda walilia kwamba haiwezekani. Ikawezekana, kwa utando. Ni karatasi ya plastiki maalumu inayotenganisha maji ya chumvi na maji safi, inayoruhusu sodiamu ipite na kuizuia klorini. Kampuni ya Asahi Chemical ilianza kuitumia kiwandani mwaka 1975. Kwa mfano wetu wa Kigongo, huo utando ndio daraja: hakuna kivuko tena, abiria anavuka kwa miguu yake. Na kama lilivyo daraja, ulipunguza gharama, kwa kuwa kostiki ya utando hutumia umeme pungufu kwa takriban robo kuliko ile ya zebaki. Kufikia 1986 Japani haikuwa na kiwanda hata kimoja cha kostiki kwa zebaki. Ulaya, iliyosikia habari hizo hizo kwa wakati uleule, ilichukua mpaka Desemba 2017. Mitambo ya zamani ilikuwa imekwisha kulipiwa, na hakuna aliyewasukuma.

Sasa, ndugu msikilizaji, nifike kwenye swali lililonifanya niandike mazungumzo haya. Kiwanda kikibadili njia, ile zebaki iliyokuwa ndani yake inakwenda wapi?

Viwanda vya kostiki vya Ulaya peke yake vilikuwa na zebaki zaidi ya tani 10,000. Zebaki haichakai. Kiwanda kilipofungwa, ilikusanywa, ikajazwa katika chupa za chuma zenye kilo 34 na nusu kila moja, ikauzwa, maana ilikuwa mali. Na miaka hiyo ambayo mitambo ilikuwa inafungwa mmoja mmoja, mteja mkubwa wa zebaki duniani alikuwa amekwisha kuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu, wa Amerika ya Kusini, wa Asia na wa Afrika. Umoja wa Ulaya ulikuja kupiga marufuku kusafirisha zebaki nje Machi 2011, na Marekani ikafuata Januari 2013. Walifanya hivyo kwa sababu walitambua walichokuwa wakikifanya: wanasafisha viwanda vyao na kuuza uchafu. Unalikumbuka lile bomba refu la St Helens? Ndilo hilo, safari hii limevuka bahari.

Zebaki haina kabila wala alama ya alikotoka. Lakini ilifika hapa kwetu, na ilifika kwa wingi wakati huohuo. Dhahabu ya Geita ilichimbwa na wakubwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Baada ya milango ya biashara kufunguliwa, na hasa Benki Kuu ilipoanza mwaka 1990 kununua dhahabu kwa bei iliyokaribia ya soko, vijana walimiminika Nyarugusu, Mgusu, Rwamgasa na kwingineko. Walisaga mawe kwenye karasha, wakaosha mchanga mwaloni, kisha wakatia zebaki iukamate unga wa dhahabu. Kwa kawaida gramu moja ya dhahabu inataka gramu moja hadi mbili za zebaki. Donge likishapatikana, linachomwa. Zebaki inaruka kwa mvuke, dhahabu inabaki. Wengi walichomea kwenye jiko la mkaa, lile la ugali, mama akiwa hapo na mtoto mgongoni. (Sisi watu wa Kanda ya Ziwa neno mwalo tunalitumia pale samaki wanaposhushwa na pale dhahabu inapooshwa. Lugha yetu ilitangulia kuona kwamba maji ni yaleyale.)

Habari hiyo iliwafikia watu wa Minamata. Daktari Harada Masazumi, aliyetumia maisha yake yote kuwapima na kuwatetea wagonjwa wa kule mpaka alipofariki mwaka 2012, aliongoza kazi ya kupima nywele za watu katika nchi yetu: wachimbaji 150, wavuvi na jamaa zao 103, na wakazi 19 wa mji wa Mwanza. Matokeo yalichapishwa mwaka 1999. Kila mtu alitazamia kwamba wavuvi, wala samaki, watakutwa wameathirika kama wa Minamata. Haikuwa hivyo. Vipimo vingine vya miaka hiyo vilionyesha kwamba samaki wa ziwa kwa ujumla walikuwa na zebaki kidogo, chini ya mipaka ya kimataifa. Lakini watu wachache, miongoni mwao wakazi wa mjini ambao hawajawahi kushika chepeo, walikutwa na zebaki nyingi mno katika nywele. Wachunguzi wakauliza, wakapekua, wakaikuta. Ilikuwa katika sabuni.

Si sabuni ya mche ya mama wa Usagara. Ni ile ya kujichubua, yenye karatasi nzuri, iliyotiwa chumvi ya zebaki ili ing'arishe ngozi. Sheria za Ulaya zilikataza zebaki katika vipodozi tangu mwaka 1976, lakini viwanda kadhaa vya hukohuko viliendelea kutengeneza sabuni hizo hadi miaka ya 1990 kwa ajili ya wateja wa Afrika. Kwao ni marufuku kuoga nayo, kwetu ruksa. Zilikuwa zinauzwa dukani, na bila shaka mnunuzi akiulizwa zinatoka wapi angesema dukani.

Wapo watakaosema: basi samaki ni salama, yaishe. Mimi naona si hesabu nzuri. Zebaki iliyorushwa hewani Geita na kumwagwa katika mabwawa ya kuoshea haikuondoka. Imo katika udongo na katika marudio, yaani ule mchanga uliokwisha oshwa, na sasa marudio hayo yanatafutwa tena kwa sayanaidi, maana dhahabu nyingi ilibaki humo. Sayanaidi ina sumu ya haraka lakini juani huvunjika. Zebaki haivunjiki kamwe. Zikikutana, sayanaidi huiyeyusha zebaki na kuifanya isafiri na maji kwa urahisi zaidi. Minamata nayo, kutoka 1932 mpaka 1956, ilikula samaki miaka 24 kabla taarifa rasmi haijatolewa.

Juhudi zilikuwapo. Kati ya mwaka 2002 na 2007 mradi wa Umoja wa Mataifa kupitia UNIDO ulifanya kazi Rwamgasa, ukaonyesha retoti, chombo cha chuma kilichofunikwa, chenye bomba linalopoza mvuke ili zebaki irudi na kutumika tena. Ni mnara wa Gossage katika sura ndogo, na faida yake ni ya mchimbaji mwenyewe kwa kuwa haharibu zebaki aliyoinunua. Hata hivyo wengi hawakuishika. Sababu waliyoitoa wachimbaji si ujinga. Duara moja lina wenye hisa wengi: mwenye leseni, mwenye shimo, mpiga nyundo, mbebaji. Donge likichomwa wazi, kila mmoja analiona kwa macho yake. Likiingia ndani ya chuma, kila mmoja anaanza kumshuku mwenzake. Wataalamu waliotengeneza chombo walifikiria mapafu, hawakufikiria mgawo.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa huko Japani mwaka 2013, ulianza kutumika mwaka 2017, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Unakataza asetaldehaidi ya zebaki tangu 2018 na kostiki ya zebaki tangu 2025. Kuhusu dhahabu, hausemi marufuku. Unazitaka nchi zipunguze na ikiwezekana zikomeshe, na unataja mambo ya kuondoa kwanza: kuchoma donge wazi, kuchomea katika makazi ya watu, na kutia sayanaidi katika marudio yenye zebaki bila kuiondoa kwanza. Kwa maneno mengine, kiwanda chenye wahandisi kilipewa tarehe, na jiko la mkaa la Nyarugusu likapewa nasaha. Nafahamu sababu: kiwanda kina njia mbadala, na mchimbaji akinyang'anywa zebaki leo, kesho hana ugali. Lakini Leblanc naye hakuwa na njia mbadala mpaka Solvay alipoitafuta, na Solvay aliitafuta kwa kuwa palikuwa na fedha ndani yake. Ni nani ana haja ya fedha iliyomo katika mapafu ya Rwamgasa?

Kuna na Engaruka. Siku magadi yale yatakapoanza kuchimbwa, mtu atasema, kwa haki, kwamba Tanzania inaweza kutengeneza kostiki yake mwenyewe kwa njia ya kale ya magadi na chokaa, tusinunue ya ng'ambo. Mimi ningefurahi. Ila ningependa siku hiyo katika mkutano wa hadhara mzee mmoja wa Engaruka ainue mkono, asiulize ajira ngapi tu, aulize pia: hayo matope ya chokaa yatakayobaki, na hayo maji ya chumvi, yatakwenda wapi, na nani atayafuata kuyatazama miaka 10 baadaye?

Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi lilifunguliwa, kilomita 3 za zege juu ya maji, na kivuko kikapumzika. Nilipopita tena Usagara nilimkuta yule mama. Nikamwomba anionyeshe mfuko wa kostiki yake, akaniletea huku akicheka. Umeandikwa uzito, umeandikwa kwamba usafi wake ni asilimia 99, na umechorwa mkono unaotobolewa na matone. Hakuna neno juu ya namna ilivyotengenezwa, kwa utando au kwa zebaki. Nikamweleza kwa ufupi habari ya kivuko na daraja. Alisikiliza mpaka mwisho, akanikumbusha kwamba mche wa siku ile ulikuwa na deni la shilingi mia mbili, nikalipa.